FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA

Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, moto uliwaka katika Soko Kuu la Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Milango ya soko ilikuwa imekwisha kufungwa na wafanyabiashara wamekwisha kurudi majumbani. Wengi walipata habari kwa simu, wakakimbilia sokoni usiku ule ule na kusimama ng'ambo ya barabara, wakitazama moto ukila jasho la miaka yao. Kesho yake Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, alifika mahali pale na kuagiza uchunguzi ufanywe. Baadaye Serikali ilitia saini mkataba wa shilingi zipatazo bilioni 28 ili kulikarabati soko lile na kujenga jingine la ghorofa kando yake.

Soko lile si jengo la kupuuzwa. Lilibuniwa na Mtanzania, marehemu Beda Amuli, likafunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, ili hewa ipite na maji ya mvua yakusanywe. Nyumba iliyobuniwa kuteka maji ya Mungu haikuweza kujinusuru na moto wa wanadamu.

Yamkini msomaji wetu wa Unguja, Pemba au Mafia atauliza: yanatuhusu nini ya Kariakoo? Yanatuhusu sana. Kanga aivaayo bibi harusi wa Wete, sufuria ya muuza urojo wa Forodhani, mabati ya nyumba ya mvuvi wa Kilindoni, vipuri vya pikipiki na madaftari ya watoto wa skuli, sehemu kubwa ya vitu hivi hupita Kariakoo kabla ya kupakiwa melini na majahazini. Hata mitaa ya Kariakoo yenyewe imepewa majina ya Pemba na Mafia. Moto unapowaka kule, mwenye duka wa Chake Chake huungua bila ya kuuona moshi. Aliyetuma fedha za mzigo hupoteza mzigo, na aliyekopeshwa mali hupoteza aliyemkopesha.

Lakini leo hatuandiki ili kuwalilia waliopata hasara, wala hatutaki kufufua hoja ya nani alaumiwe. Tunaandika kwa sababu ya swali moja ambalo moto ule umetuachia, nalo ni hili: katika dakika zile chache za mwanzo, kabla ya gari la zimamoto kufika, moto ni wa nani?

DAKIKA ZA JIRANI

Kila msafiri wa Barabara ya Morogoro anakijua kituo kiitwacho Faya. Kimepata jina hilo kwa kuwa hapo ndipo lilipo jengo la zimamoto. Kutoka Faya hadi Soko la Kariakoo ni mwendo mfupi ambao mtu mwenye afya huutembea bila ya kutokwa na jasho. Ni soko lililo karibu na magari ya zimamoto. Hata hivyo soko lile liliungua.

Hatusemi hivyo ili kuwadharau askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Jeshi hili limeundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na askari wake huingia mahali ambapo sisi sote tunakimbia kutoka. Tunasema hivyo kwa kuwa tabia ya moto haingojei mtu. Cheche iliyoangukia kwenye boksi tupu huweza kuzimwa kwa ndoo moja ya mchanga. Iache kidogo ipande kwenye marobota ya nguo, vyombo vya plastiki na magodoro, na ndoo mia hazitaizima. Joto likishafika darini, chumba kizima huweza kushika moto kwa mpigo mmoja. Yote hayo hutokea katika muda wa dakika chache tu, muda ambao mtu bado anatafuta namba ya kupiga na dereva bado anavaa viatu.

Kisha gari lenyewe lipite wapi? Anayeijua Kariakoo anajua Mtaa wa Kongo ulivyo saa za biashara: meza zimegusana, mikokoteni imekingama, matandiko ya bidhaa yamelala barabarani, na juu ya yote nyaya zimetandwa kama nyavu za dagaa. Mwezi Oktoba 2021 Serikali iliwaondoa wafanyabiashara wadogo katika njia kuu za mjini na kuwapangia maeneo mengine. Lakini njia iliyofunguliwa kwa amri huzibwa tena kwa njaa, na hilo kila mtu ameliona. Gari kubwa la maji haliwezi kuruka juu ya meza za watu.

Wazee walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo iliyo Faya ni nzuri, tena ni ya lazima. Lakini nyoka akiwa chini ya kitanda, fimbo inayotakiwa ni ile iliyo nyuma ya mlango.

MOTO WA KILA SIKU

Aghalabu tunauzungumza moto kama msiba ulioshuka kutoka mbinguni. Ukweli ni kwamba moto tunaishi nao. Katika Kariakoo mama lishe huwasha mkaa kabla ya jua kuchomoza. Mchoma mahindi huweka jiko lake kwenye baraza ya duka la nguo, na mchoma mishikaki hupepea makaa hatua mbili tu kutoka kwenye pikipiki zenye petroli. Jioni biashara inapokwisha, maboksi, mifuko na nyasi za kufungia mizigo hukusanywa pembeni mwa njia. Gari la taka likichelewa, mtu huona rahisi zaidi kutia kiberiti.

Hatuwalaumu watu hawa. Mama lishe ndiye anayelisha soko, na mfagiaji ndiye anayelifanya lipitike. Lakini majivu ni mdanganyifu mkubwa. Kaa lililofunikwa na majivu huonekana limekufa, ilhali moyo wake unaishi kwa saa nyingi. Likimwagwa kwenye lundo la karatasi usiku, upepo wa alfajiri hulikumbusha kazi yake. Vivyo hivyo mshumaa ulioachwa juu ya meza ya mbao, na waya uliounganishwa kwa mkono ili kuiba umeme au kuwasha taa moja zaidi.

Tarehe 16 Januari 2022, miezi sita tu baada ya msiba wa Soko Kuu, Soko la Karume lililo jirani nalo liliteketea. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sisi tulinyolewa mara ya kwanza, tukanyolewa na mara ya pili, na maji bado yamo mtungini.

UMATI SI KIKOSI

Watatokea watakaosema kwamba wananchi wetu hawahitaji kufundishwa kusaidiana, maana moto ukiwaka wote hukimbilia. Ni kweli wote hukimbilia. Lakini umati si kikosi. Umati hauna anayeamuru, hauna anayejua swichi ya umeme iko wapi, na ndani yake mwema na mwizi huvaa nguo moja. Mara nyingi umati ndio unaolizuia gari la zimamoto lisipite.

Na umati huweza kuangamia wenyewe. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakusanyika, wengine wakichota mafuta na wengine wakitazama. Moto ulipolipuka ukachukua roho za watu zaidi ya 100. Lau pangekuwapo vijana kumi tu wa mtaa ule waliofundishwa jambo moja, kwamba kazi ya kwanza penye mafuta yaliyomwagika ni kuwaweka watu mbali, huenda maziko ya Morogoro yangekuwa machache.

Kwa upande mwingine tumeona jinsi kujitolea kulivyo na nguvu kunapopata uongozi. Mwezi Oktoba 2020 moto ulipoushika Mlima Kilimanjaro, mamia ya watu walipanda kuupiga: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wanavijiji na wapagazi. Huko juu gari halifiki. Silaha zao zilikuwa matawi mabichi, majembe na mapanga. Walifyeka na kuchimba ukanda mtupu mbele ya moto ili ukose chakula, wakaushinda kwa siku nyingi za taabu.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba, waliotangulia kufika hawakuwa watu wa Serikali. Walikuwa wavuvi. Kijana mmoja miongoni mwao, Majaliwa Jackson, alisaidia kuufungua mlango wa ndege ile, na katika abiria na wahudumu 43 waliokuwamo, 24 walitoka hai. Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza kijana yule aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Na sisi wa visiwani hatuhitaji kuambiwa maana ya jambo hilo. Mwezi Septemba 2011, Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi, tuliona ngalawa na mashua za wavuvi zikileta watu pwani.

Tena Kariakoo yenyewe ilitoa ushahidi wake tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka na kuwafunika watu. Kabla ya mitambo kufika, wapita njia na wachuuzi waliingia kwenye kifusi wakichimbua kwa mikono. Moyo wa kusaidia basi tunao. Tunachokosa ni utaratibu.

WENZETU WAMEFANYAJE

Kuna nchi iliyoona haya zamani. Katika bandari ya Valparaíso, nchini Chile, moto mkubwa uliunguza maduka na maghala mwezi Desemba 1850. Mwaka uliofuata, 1851, wafanyabiashara na wakazi wa mji ule waliunda kikosi chao cha zimamoto cha watu wa kujitolea. Jambo lile likaenea nchi nzima, na hata leo wazimamoto wa Chile hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Mwalimu, seremala na karani huacha shughuli zao kengele inapolia. Ujerumani nako, nchi tajiri yenye viwanda, wazimamoto walio wengi ni wa kujitolea, na vikosi vyenye askari wa mshahara viko hasa katika miji mikubwa.

Hatutaji nchi hizi ili tuige kila kitu. Tunazitaja kwa kuwa wako viongozi wanaodhani kujitolea ni dawa ya maskini, na kwamba fedha zikipatikana mwananchi atakaa pembeni. Wajerumani wanazo fedha, na mwananchi wao hakukaa pembeni.

Wala jambo hili si geni kwetu. Tangu miaka ya 1960 nchi hii ilizoea kupangana kwa nyumba kumi kumi, na kabla ya hapo tulikuwa na ujima wa kulima, kujenga na kuzika. Mtu akifa mtaani, hapana anayeuliza nani atachimba kaburi; kila mmoja anaijua nafasi yake. Kwa nini tuwe hodari wa kuzikana, na tushindwe kuokoana?

VISIWANI FIMBO IKO MBALI ZAIDI

Ikiwa Kariakoo, iliyo mlangoni mwa kituo cha zimamoto, iliungua, visiwa vidogo vitasemaje? Tumbatu, Kojani, Chole na Jibondo vina nyumba zilizokaribiana, mapaa ya makuti mahali pengi, na majiko ya kuni uani. Gari la zimamoto halipandi ngalawa. Huko kikosi cha kujitolea si msaidizi wa zimamoto. Ndicho zimamoto yenyewe.

Mashambani nako iko hatari yake. Mkulima wa uwanda wa mawe wa kusini mwa Unguja hufyeka na kuchoma moto kabla ya masika, wakati upepo wa kaskazi bado unavuma na majani yamekauka kama karatasi. Wachoma chokaa hurundika magogo na mawe na kuyaacha yakiungua siku mbili tatu. Kutoka hapo hadi kwenye vichaka vya Jozani, walimo kima punju ambao hawapatikani mahali pengine duniani ila Zanzibar, ni cheche moja tu na upepo mmoja.

Moto wa nje si dhambi. Wahenga wetu waliujua na kuuwekea adabu. Pale Makunduchi, katika sherehe za Mwaka Kogwa, kibanda cha makuti hutiwa moto mbele ya watu wote, na mtu aliyemo ndani huchupa nje akiwa salama. Tazameni jinsi mambo yanavyofanywa: mahali panajulikana, wakati unajulikana, kibanda kimesimama peke yake uwanjani, na watu wazima wamekizunguka mpaka kiishe. Moto ule una wenyewe. Moto unaotuunguza ni ule usio na mwenyewe.

YANAYOTUPASA

Kwa hiyo yako mambo yanayotupasa sisi wananchi. Anayechoma shamba awaarifu majirani na sheha au mwenyekiti wake, alifyekee shamba ukanda mtupu pande zote mpaka udongo uonekane, achague asubuhi isiyo na upepo, na asiondoke mpaka majivu yamepoa. Kupoa si kwa kutazama. Mwaga maji, koroga, mwaga tena, kisha karibisha mgongo wa mkono; ukihisi joto, kazi haijaisha. Mama lishe awe na debe la bati lenye kifuniko la kuwekea majivu, na ndoo ya mchanga karibu na jiko. Mafuta yakishika moto kwenye karai, yafunikwe kwa kifuniko au gunia lililoloweshwa na kukamuliwa. Kuyatia maji ni kuutupia moto mabawa. Mwenye duka ajue swichi kuu ya umeme iko wapi, na aizime kabla ya kumwaga tone la maji. Na mtu wa kwanza kuona moto aite watu na kupiga simu papo hapo, ambayo kwa Tanzania Bara ni namba 114, ndipo ashike ndoo.

Yako pia yanayowapasa wenye mamlaka. Tunapendekeza kila mtaa wa mjini, kila shehia na kila kijiji kiwe na kikosi kidogo cha zimamoto cha kujitolea, chenye watu wanaofahamika kwa majina na wanaoishi au kufanya kazi hapo hapo. Katika Kariakoo kichukue wapagazi, walinzi wa usiku, wenye maduka na mama lishe wenyewe, kwani wao ndio wanaojua kila kichochoro. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa upande wa Bara, na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kwa upande wa Zanzibar, wakifundishe na kukijaribu kila mwaka kabla ya kiangazi. Mafunzo yawe ya vitendo, si hotuba na picha za ukumbusho.

Kikosi kisicho na vifaa ni kwaya. Sehemu ya ushuru wa soko, ambao mfanyabiashara hulipa kila siku, irudi kwake kwa sura ya ndoo za mchanga, mapipa ya maji, kamba, mashoka, filimbi na vizima moto vinavyokaguliwa. Mabomba ya kuchotea maji ya zimamoto yapimwe mara kwa mara, na asiruhusiwe mtu kuweka meza juu yake. Katika kila mtaa uachwe upana wa gari moja, uchorwe kwa rangi, na ulindwe na wafanyabiashara wenyewe. Watakubali kuulinda wakielezwa kwamba njia ile ni bima yao. Taka ziondolewe kabla ya usiku, maana anayeamriwa asichome na taka zake hazichukuliwi ameamriwa jambo lisilowezekana.

La mwisho ni la haki. Mtu anayejitolea kuzima moto wa mwenzake akiumia, asiachwe akihangaika na gharama za hospitali, wala watoto wake wasiachwe wakiombaomba ikiwa atafia kazini. Pawepo na utaratibu wa matibabu na fidia kwa watu hawa, uandikwe na ujulikane. Kumpongeza shujaa jukwaani ni jambo jema, lakini shujaa aliyevunjika mguu hatembei kwa makofi.

Wengine watauliza fedha zitatoka wapi. Nasi tunawaomba wakumbuke mkataba ule wa bilioni 28, wauweke kando ya bei ya ndoo, mchanga na filimbi, kisha waseme ni njia ipi iliyo ghali.

Usiku huu, kama kila usiku, milango mingi ya Kariakoo itafungwa, majiko yatazimwa, na katika majivu ya jiko moja au mawili kaa litabaki hai. Yuko nani karibu nalo, na amefundishwa nini? Kila mwenyekiti wa mtaa na kila sheha awe na jibu la swali hilo, kwa majina ya watu.